Picha za filta zisichapwe kwenye matangazo ya waliopotea

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika gazeti lako, na tunaomba utuvumilie barua ikiwa ndefu, maana jambo lenyewe ni la kiufundi na likielezwa nusunusu halimsaidii mtu. Sisi ni wapiga picha na wachapaji tunaofanya kazi Nasser Road, Kampala. Picha zinazobandikwa kwenye nguzo za umeme, zinazochapwa kwenye ratiba za mazishi, zinazotundikwa kwenye sherehe za kwanjula, yaani za kumtambulisha mchumba, na zinazofika kwenye ukurasa wako wa matangazo, nyingi hupita kwanza kwenye kompyuta za watu wa kazi hii. Tunachoomba ni kwamba gazeti lisichape tangazo la mtu aliyepotea likiwa na picha iliyopitishwa kwenye filta ya uso, yaani pambo la programu linalobadilisha sura, na liwaeleze wasomaji jinsi ya kuweka akiba ya picha safi ya kila mtu nyumbani kabla shida haijaingia.

Hatupigi vita filta. Binti akitaka kujiona na masikio ya sungura, au kijana akitaka kuona atakavyokuwa akifika miaka themanini, uso ni wake na furaha ni yake. Ubaya ni kwamba filta imekuwa ndiyo kamera. Mtoto akipotea saa kumi jioni katika soko la Owino, mzazi hufungua simu na kukuta picha mia tatu za mtoto huyo, na katika hizo mia tatu hakuna hata moja inayoonyesha uso alioamka nao asubuhi. Basi huchaguliwa iliyo nzuri kuliko zote, na hiyo ndiyo iliyobadilishwa kuliko zote. Tangazo linatoka: "Ana kovu juu ya jicho la kulia, ana mwanya kwenye meno ya juu, ni maji ya kunde." Picha iliyo juu ya maneno hayo haina kovu, haina mwanya, na mtoto ni mweupe. Mwendesha boda boda aliyempita mtoto huyo dakika ishirini zilizopita huitazama, hutikisa kichwa, husema siye.

Wimbi hili halikuanza jana. Snapchat ilileta filta zake za uso Septemba 2015, baada ya kuinunua Looksery, kampuni iliyokuwa na watu wake Odessa, Ukraine. FaceApp, programu ya kubadilisha sura, ikatoka mwaka 2017, na Julai 2019 dunia nzima ikajizeesha kwa wiki kadhaa. Februari 2023 TikTok ikatoa filta iitwayo Bold Glamour, ambayo tutairudia chini kwa sababu ndiyo iliyovunja njia ya zamani ya kumgundua mtu aliyevaa filta. Mwaka 2025 watu wakaanza kuituma picha nzima kwa akili unde (AI) ili warudishiwe katuni ya Kijapani au mwanasesere wa plastiki ndani ya boksi. Hapa kwetu Facebook ilipofungwa Januari 2021 wakati wa uchaguzi, wengi walihamia TikTok, mahali ambapo filta iko kidole kimoja tu kutoka kitufe cha kurekodi. Na tangu Oktoba 2024 WhatsApp nayo ina filta ndani ya simu za video, kwa hiyo hata ile picha ya haraka inayonaswa kwenye skrini wakati bibi anaongea na mjukuu si ya kuaminiwa moja kwa moja.

Ili kuelewa kovu linakwenda wapi, inafaa kujua filta inafanya kazi gani. Kamera ya simu kwa kawaida hutoa picha thelathini kwa sekunde, kwa hiyo filta ina kama milisekunde 33 za kumaliza kila moja kabla inayofuata haijafika. Kwanza hutafuta uso. Ikiupata huupachika nukta: mfumo wa MediaPipe wa Google, kwa mfano, huweka nukta 468, nyingi zikiwa zimesongamana kwenye kope, midomo na nyusi. Nukta hizo huunganishwa zikawa pembetatu ndogondogo, kama wavu wa mvuvi uliotandazwa usoni. Kisha wavu huvutwa. Pua inabanwa, taya linachongwa, macho yanatanuliwa, na ngozi iliyo katikati ya nukta inafuata tu. Baada ya hapo ngozi hulainishwa, rangi hubadilishwa, na mapambo kama kope bandia na rangi ya mdomo huwekwa mwisho.

Kovu hufia kwenye kulainisha. Programu hulinganisha kila pikseli, yaani kila kitone cha rangi kinachounda picha, na majirani zake. Tofauti ikiwa kubwa, kama ukingo wa jicho au mstari wa nywele, huiacha. Tofauti ikiwa ndogo, huiona ni uchafu na kuisawazisha. Kwa hesabu hiyo chunusi ni uchafu. Kovu la zamani ni uchafu. Kidoti cha kuzaliwa ni uchafu. Chukua chale za mama wa Kikaramojong, zile nukta zilizovimba zilizopangwa mistari shavuni. Uso wa mtu mzima una upana wa kama milimita 140. Kwenye video ya simu uso huo unaweza kuchukua pikseli 400, yaani karibu pikseli 3 kwa kila milimita. Chale ya milimita 4 inakuwa na pikseli 11 au 12 tu, na tofauti yake na ngozi inayoizunguka ni kivuli chepesi. Kilainishi kinachofanya kazi kwa upana wa pikseli 15 kinazifuta zote kwa pigo moja, mstari mzima, na kinachobaki ni shavu laini kama yai. Alama ambayo ukoo mzima ungemtambua nayo imetoweka, na aliyebonyeza kitufe hata hakuitaja.

Mwanya una njia yake ya kupotea. Filta za zamani hupaka weupe kwenye eneo la meno, na weupe huo ukizidi hufunika ule mstari mweusi wa katikati. Filta mpya hazipaki, zinachora upya: zimefundishwa kwa picha nyingi za meno yaliyoshikana, kwa hiyo zinaweza kuuziba kabisa. Katika nchi ambayo mwanya unaimbwa na kusifiwa, hilo peke yake lingetosha kutukasirisha.

Hapo ndipo Bold Glamour inapoingia. Zamani ukitaka kujua kama mtu amevaa filta ulimwambia apitishe mkono mbele ya uso. Nukta zilipotea, wavu ukacheza, kope bandia zikarukia kwenye vidole. Filta za aina mpya hazitegemei wavu peke yake. Mtandao wa akili unde unauchora uso wenyewe upya, pikseli kwa pikseli, na mkono ukipita unachorwa mahali pake. Kipimo cha mkono kimekwisha kazi.

Vipimo vinavyobaki vinataka macho ya utulivu. Linganisha rangi ya uso na ya shingo, masikio na mikono. Filta nyingi huishia kwenye ukingo wa taya, na shingo hubaki na rangi yake halisi. Tazama mistari iliyonyooka nyuma ya mtu, kama fremu ya mlango, matofali au mikunjo ya bati: pale taya lilipochongwa, mstari ulio karibu nalo mara nyingi hupinda kidogo kama umeegemewa. Kuza picha hadi uone paji la uso. Ngozi ya kweli ina vitundu na vinyweleo hata kwa mtoto mchanga. Ngozi ya filta ni kama karatasi ya kung'aa. Mwisho fungua maelezo ya faili. Picha ya kamera ya megapikseli 12 huwa na pikseli karibu 3000 kwa 4000. Ukikuta 1080 kwa 1920, au 720 kwa 1280, picha hiyo huenda imetoka ndani ya programu ya mtandao wa kijamii au imenaswa kwenye video, na ni ya kushukiwa mpaka mwenyewe aseme vinginevyo.

Wapo wanaotuuliza kama tunaweza kuiondoa filta kwenye picha iliyokwisha hifadhiwa. Jibu ni hapana. Sembe haigeuki tena mahindi. Kilichofutwa hakikufichwa mahali, kimeondolewa, na programu yoyote inayodai kurejesha uso wa asili inabuni uso mwingine wa tatu. Novemba 2022 watu waliodai kuwa na programu ya kuondoa filta kwenye video za TikTok, ile filta iliyofuta mwili wa mtu ukabaki kama kivuli, walikuwa wanasambaza programu ya kuiba nywila na fedha za kidijitali. Wengi waliipakua wakitaka tu kuona kilichofichwa.

Sasa kosa ambalo halionekani kama kosa. Kamera ya mbele humwonyesha mtu kama kioo, kulia kukiwa kushoto. Simu nyingine hugeuza picha wakati wa kuihifadhi, nyingine huiacha kama kioo, na programu za filta kila moja ina desturi yake. Matokeo ni kwamba kovu la jicho la kulia linaweza kuonekana la kushoto, na anayesoma tangazo anakuta maneno na picha vinapingana. Kuligundua ni rahisi kukiwa na maandishi: fulana ya shule, bango la duka, kalenda ukutani. Herufi zikisomeka kinyumenyume, picha imepinduka. Kwenye kihariri cha simu kuna kitufe cha kugeuza kwa mlalo, na picha inakaa sawa. Kusipokuwa na maandishi, uliza kovu liko upande gani kabla ya kuchapa.

Rangi ya ngozi inahitaji kusemwa wazi, kwa sababu ndiyo inayowaumiza watu wetu kuliko yote. Aprili 2017 FaceApp ililazimika kuomba radhi: filta yake ya kumpendezesha mtu ilikuwa inaing'arisha ngozi nyeusi ikawa nyeupe. Wenye programu walieleza kwamba mtandao wao ulikuwa umefundishwa kwa picha zenye upendeleo. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kampuni iliyokuwa inakisia jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe mfumo uliokosea zaidi ulikosea asilimia 0.8, kwa wanawake weusi makosa yalifika asilimia 34.7. Mashine hufahamu vizuri kile ilichoonyeshwa sana. Filta inapoamua "ngozi nzuri" ni ipi, inachukua wastani wa nyuso ilizofundishwa, na nyuso za Gulu, Arua na Moroto hazikuwa nyingi darasani.

Tusiishie hapo. Msichana wa miaka kumi na nne anayejiona mweupe kwenye skrini kila siku na mweusi kwenye kioo kila asubuhi, kuna siku atatafuta dawa ya kuvilinganisha, na dawa hiyo inauzwa mtaani kwa jina la mkorogo. Zebaki iliyomo kwenye baadhi ya mikorogo huharibu figo. Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, limekataza vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na bado vinapatikana. Novemba 2024 TikTok ilitangaza kwamba itawazuia walio chini ya miaka 18 kutumia baadhi ya filta zinazobadilisha sura, zile zisizo za mzaha. Ni hatua njema. Lakini umri ule ni ule ambao mtoto mwenyewe aliujaza alipofungua akaunti, na watoto wetu wanajua tangu zamani mwaka gani wa kujaza.

Kuna jambo moja la kuitetea filta, tena la haki. Watu wengi hukimbilia filta ya pua kwa sababu selfi yenyewe inadanganya. Mwaka 2018 daktari Boris Paskhover na wenzake wa Marekani walikokotoa kwamba picha iliyopigwa kwa umbali wa inchi 12, yaani sentimita 30, huonyesha pua pana kwa karibu asilimia 30 kuliko picha ya umbali wa futi 5, yaani mita moja na nusu. Pua iko karibu zaidi na lenzi kuliko masikio, basi inavimba. Mtu anaiona, anachukia pua yake, anawasha filta ya kuibana. Angerudi nyuma hatua mbili asingehitaji filta.

Kinachowakamata wengi ni kwamba filta haimo kwenye mitandao peke yake. Simu nyingi zinazouzwa Kampala huja na kamera yenye hali ya urembo iliyokwisha washwa tangu kiwandani. Mtu anaapa kwamba hakutumia filta, na hasemi uongo. Fungua kamera, geuza upande wa selfi, tafuta alama ya uso au ya kijiti chenye nyota, kisha shusha kila kipimo hadi sifuri: kulainisha, kung'arisha, kupunguza uso, kukuza macho. Wengi hukosea hapa. Wanashusha upande wa selfi wanadhani wamemaliza, kumbe hali ya picha ya kawaida, ya potreti na ya video kila moja inaweza kuwa na vipimo vyake. Pitia zote, kisha funga kamera na uifungue tena, kwa sababu simu nyingine huvirudisha vyote kamera ikifungwa. Ndani ya programu za video nako kuna kitufe cha kulainisha uso kilicho mbali na orodha ya filta, na huweza kubaki kimewashwa hata filta ikiwa imeondolewa.

Picha safi hupigwa hivi, na haigharimu hata shilingi mia. Tumia kamera ya nyuma ya simu, wala si ya programu yoyote. Futa lenzi kwa kitambaa cha pamba, maana mafuta ya vidole nayo hulainisha ngozi bila kuombwa. Mweke mtu chini ya kivuli kilicho wazi, kama baraza au mwembe, saa tatu asubuhi au saa kumi jioni, akitazama upande mwanga unakotoka. Jua la saa sita huchimba vivuli chini ya nyusi, na flashi ya simu huacha mng'ao mweupe kwenye paji la ngozi nyeusi. Simama mita moja na nusu hadi mbili, simu ikiwa sawa na macho yake, na kama simu ina kukuza mara mbili, itumie badala ya kusogea. Kwa mtoto, piga magoti.

Ukuta mweupe ni adui, ingawa wengi huutafuta. Kamera hupima mwanga wa picha nzima. Ikiona weupe mwingi hupunguza mwanga, na uso mweusi unazama. Hapo mtu huwasha filta ili aonekane, na tumerudi tulikotoka. Tundika shuka la kijivu au la kaki. Gusa uso kwenye skrini ili kamera iupime uso wenyewe, kisha pandisha mwanga kidogo kwa ile alama ya jua mpaka uone mstari wa shavu na kovu vizuri. Bora ngozi itoke na weusi wake na alama zake kuliko ing'ae na kupoteza alama.

Piga nne au tano. Moja ya uso ukitazama mbele, mdomo umefungwa. Moja akitabasamu, meno yaonekane, kwa ajili ya mwanya na jino lililovunjika. Moja ya kila upande wa uso ingefaa, lakini kama mtoto hatulii piga ule wenye alama. Ya mwisho ni ya mwili mzima, amesimama karibu na kitu chenye urefu unaojulikana, kama mlango wa chumba. Mtoto chini ya miaka sita hubadilika upesi, na mwaka mmoja unamfanya mwingine. Kwa walio shuleni, siku ya kufunga sanduku la bweni ndiyo siku nzuri: mara tatu kwa mwaka, mwanzo wa kila muhula, akiwa na sare yake na nywele zilizonyolewa kama zitakavyokuwa huko aendako. Wazee wanaosahau njia ya kurudi nyumbani nao wapigwe, kwa sababu hao pia hupotea.

Faili lihifadhiwe sehemu mbili, kwenye simu na kwa ndugu mwingine, na liandikwe jina na tarehe. Likitumwa WhatsApp, litumwe kama dokyumenti, si kama picha, kwani picha ya kawaida hupunguzwa hadi kama pikseli 1600 kwa upande mrefu na kubanwa juu ya hapo. Kwa gazeti hilo huenda likatosha. Kwa bango linalotazamwa kwa karibu halitoshi. Picha ya filta yenye upana wa pikseli 1080 ikichapwa kwenye bango la upana wa mita moja inatoa nukta 27 tu kwa inchi. Ukitazamwa kwa karibu uso unakuwa miraba, na alama ndogondogo zinapotea hata kama filta isingekuwapo. Picha ndogo ya milimita 35 kwa 45 inataka pikseli 413 kwa 531 kwa uchapaji wa nukta 300 kwa inchi, na hizo karibu simu yoyote inazo.

Picha safi ya mtoto ni kitu cha thamani, na haifai kupewa kila anayeomba. Ipo njia nyepesi ya kujua filta inapeleka wapi uso. Weka simu kwenye hali ya ndege, zima na Wi-Fi, kisha jaribu filta. Ikifanya kazi, uso unachakatwa ndani ya simu, angalau wakati huo. Ikikataa au ikizunguka bila mwisho, ujue huenda picha hupakiwa kwenye seva, yaani kompyuta ya mtu mwingine, kabla ya kurudishwa. Zile za kugeuza mtu katuni au mwanasesere kwa kawaida ni za aina hii ya pili. Picha safi za watoto zisipelekwe huko. Na programu ya filta inayotumwa kama faili kwenye makundi ya WhatsApp, ambayo ikiwekwa inaomba kusoma ujumbe mfupi au ruhusa za walemavu (Accessibility, zinazoiwezesha programu kusoma skrini na kubonyeza yenyewe), haitafuti uso wako. Inatafuta namba za siri za pesa za simu. Filta inahitaji kamera, na pengine hifadhi ya picha na maikrofoni ya video. Haina haja na ujumbe wako.

Sheria ipo. Sheria ya Uganda ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inakataza kukusanya data za mtoto bila idhini ya mzazi au mlezi, isipokuwa kwa sababu zilizotajwa humo, na ofisi inayoisimamia, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, iliiagiza Google ijiandikishe Julai 2025. Wakazi wa jimbo la Illinois, Marekani, wana sheria ya kulinda vipimo vya mwili, kama vya uso, tangu 2008, na kwa nguvu yake Snap, kampuni ya Snapchat, ilikubali kulipa dola milioni 35 mwaka 2022 katika kesi iliyohusu filta zake. Nyuso za huku nazo zina haki kwenye karatasi. Kinachokosekana ni watu wanaodai.

Turudi kwenye gazeti lako, Mhariri. Tunaomba fomu ya matangazo ya waliopotea iongezwe maswali mawili: picha ilipigwa lini, na ilipigwa kwa kamera gani, ya simu au ya programu. Anayepokea tangazo akague shingo, mistari ya nyuma na ukubwa wa faili kama tulivyoeleza. Ni kazi ya dakika tatu. Familia ikiwa haina picha nyingine kabisa, basi ichapwe ya filta, maana bora hiyo kuliko nafasi tupu, lakini chini yake pawe na maneno ya wazi: "Picha hii imebadilishwa, ngozi yake ni nyeusi zaidi, ana kovu na mwanya." Kabla ya kukubali kwamba hakuna nyingine, muulizeni mzazi kama picha ya shule ipo, au ya ubatizo, au ya harusi ya shangazi ambako mtoto yuko pembeni. Kwa mtu mzima, picha ya ndaga muntu, yaani kitambulisho cha taifa, ilipigwa ofisini bila filta, na hata ikiwa ndogo na mbaya, ni ya kweli. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani wa serikali ya mtaa, na namba ya taarifa ya polisi vibaki kama kawaida, na chini ya kila tangazo la mtoto pawepo namba 116 ya Sauti, simu ya msaada kwa watoto, ambayo haina malipo.

Na picha ikija na maandishi ya fulana yaliyopinduka, msiigeuze wenyewe kimyakimya. Mpigieni aliyeileta. Kuigeuza ni kazi ya nusu dakika, lakini mwenye mtoto ndiye anayejua kovu liko upande gani.

Wapiga picha na wachapaji,
Nasser Road, Kampala